Mito ya Ubelgiji na Shingo ya Mwanangu

Mwanangu wa kwanza alizaliwa Mangobo, katika ile mitaa mipya ya matofali iliyojengwa kwa ajili ya watu waliostaarabika, yaani watu wenye soksi. Nyumba zilipangwa kwa mstari ulionyooka sana, zote sura moja, hata mtu aliyerudi amechoka angeweza kuingia kwa jirani, akala, akalalamikia chumvi, na asigundue kosa lake mpaka aone watoto si wake. Kuta zilikuwa nyembamba: wa kulia akipiga chafya, wa kushoto alijibu "santé". Lakini mbele ya kila mlango palikuwa na saruji, na mtu mwenye saruji mbele ya mlango, katika Kisangani ya miaka ile ya hamsini, hakuwa mtu wa kusemeshwa hovyo.

Mchana nilikuwa karani katika ghala la mafuta ya mawese. Jioni nilikuwa mwanafunzi wa shule ya usiku, na niseme mapema, msomaji asije akadhani anazungumza na mtu wa kawaida: ile shule niliimaliza. Cheti ninacho. Wenzangu walisinzia kwa wingi kiasi kwamba mwalimu alizoea kufundisha kwa kunong'ona, asiwasumbue. Mimi sikusinzia. Nilijifunza hesabu, nilijifunza kuandika barua ya kuomba radhi, na zaidi ya yote nilijifunza mito ya Ubelgiji. Nyuma ya soko letu ulipita mto wenye uwezo wa kuimeza Ubelgiji nzima pamoja na mwalimu, lakini huo haukuwa kwenye mtihani. Nadhani ni kwa sababu tulikuwa tunaweza kuuona.

Bibi yangu, yaani mke wangu, naye alikuwa msomi kwa upande wake. Alikwenda kwenye nyumba ya mafunzo ya akina mama, foyer kama tulivyoiita, ambako mama mmoja Mbelgiji asiyekuwa na mtoto aliwafundisha wenye watoto jinsi ya kulea. Alifundisha kwa mwanasesere. Mwanasesere aliogeshwa, akapakwa poda, akafungwa nepi, akalazwa chali kwenye kitanda chake mwenyewe chini ya chandarua. Kumbeba mtoto mgongoni? Hapana, akina mama, hayo ni ya kijijini, yanapinda miguu. Mtoto wa mjini analala kitandani, saa yake ya maziwa ikifika anapewa maziwa, kisha anarudishwa chali, atafakari.

Yule mwanasesere alikuwa mtoto wa ajabu. Hakulia, hakutapika, hakuharisha, na shingo yake ilikuwa ngumu kama ya msimamizi wa wilaya. Ukimwinua kwa mkono, kwa mguu, hata kwa sikio, kichwa kilikaa palepale. Kwa hiyo habari za shingo hazikuwahi kuzungumzwa foyer. Nani angeuliza? Bibi yangu alishika nafasi ya kwanza, akapewa kipande cha sabuni ya kunukia, na sabuni ile hatukuitumia, tuliiweka kabatini wageni wainuse.

Mtoto alipokuja, tulimlea kama mwanasesere. Nilimtengenezea kitanda kwa mbao za masanduku ya sabuni, na humo alikaa chali, mchana na usiku, akitazama dari kama mtu anayesubiri cheo. Mtaa mzima ulimsifu. "Ule mutoto hasumbui," walisema, "iko kama Muzungu." Wake za makarani walikuja kumtazama, wakarudi kwao wakawashusha wa kwao migongoni. Sitii chumvi: kwa muda fulani mtaani kwetu hapakuonekana mgongo wenye mtoto, na migongo yenyewe ilianza kuonekana mipweke.

Mwezi wake wa nne, bibi yangu alimpeleka kwenye mzani. Siku hiyo sisi tuliiita siku ya kilo: akina mama walipanga foleni kwenye zahanati ya misheni, watoto wakapimwa kama samaki, na mtawa mmoja, masœur, akawatazama masikio na koo. Nilikwenda pia, maana nilitaka kusikia mwanangu akisifiwa mbele ya watu. Uzito ulikuwa mzuri. Masœur akatabasamu, akamshika mikono miwili, akamvuta taratibu kumketisha. Mwili ulikuja. Kichwa kilibaki nyuma. Kilining'inia kama mboga ya lengalenga iliyochumwa asubuhi na kuuzwa jioni.

Masœur aliacha kutabasamu. Alimlaza, akamvuta tena. Lengalenga tena. Akapapasa kisogo, na kisogo, nikaona kwa mara ya kwanza, kilikuwa bapa kama sahani.

"Mama," akasema kwa Kiswahili chake, "mutoto analala namna gani?"

"Mgongo chini, masœur."

"Na tumbo?"

"Tumbo iko juu, masœur."

"Siku yote?"

"Siku yote. Kama vile walitufundisha."

"Unamubeba?"

Bibi yangu alijinyoosha, msomi kamili. "Hapana, masœur. Sisi hatubebake."

Masœur alivuta pumzi ndefu, ile pumzi ambayo watu wa dini huvuta badala ya kutukana. Kisha akamgeuza mtoto, akamlaza kwenye meza, kifudifudi. Mwanangu, ambaye hakuwahi kuiona dunia kutoka upande ule, alibamiza pua kwenye kitambaa na kupiga kelele iliyosimamisha foleni. "Bon," akasema masœur. "Akiwa macho, mulaze tumbo chini. Kidogo kidogo, mara mingi. Mutu abakie karibu yake. Akishikwa na usingizi, mumugeuze mgongo. Shingo inajifunza kwa kuangalia. Mwezi ukiisha na kichwa bado inaanguka, mulete, daktari amuone."

Hakusema daktari angeona nini. Tukarudi kwa miguu. Bibi yangu alikuwa amemfunga mtoto mgongoni kwa kikwembe, yaani kitenge, katikati ya barabara, mbele ya wake wa makarani wote, na hakuna aliyethubutu kuuliza.

Habari hiyo ilifika Basoko kabla hatujafika nyumbani. Sijui ni nani aliyeipeleka, nafikiri samaki. Kwa vyovyote, meli iliyofuata kupanda mto ilimleta mama mkwe wangu, pamoja na kikapu cha samaki wakavu, chupa ya mafuta ya mbegu za mawese, na uso ambao sikuruhusiwa kuutazama.

Hapa lazima nieleze, maana vijana wa sasa hukaa sebuleni na mama wakwe zao wakichekeana kama wachuuzi. Kwetu sisi, mkwe ni haya. Usimtazame usoni. Usile mbele yake. Usijinyooshe, usilale, usionekane umelala mbele yake, hata ukiumwa, hata ukifa ni vizuri ufie upande mwingine. Naye vivyo hivyo kwako. Mkitaka kusemezana, mpitie kwa mtu wa tatu. Desturi nzuri sana, iliyobuniwa na watu waliokuwa na msitu mzima wa kukwepana. Sisi tulikuwa na vyumba viwili. Nilikohoa kabla ya kila kona. Nilikohoa mpaka fundi cherehani, jirani yetu, akaniletea dawa ya kifua.

Mama mkwe alimchukua mjukuu wake, akampakata, akakiweka kichwa kwenye kiganja chake, akakipima kama anayenunua boga. "Ah, bwana yangu," akamwambia mtoto, maana nyanya wa kwetu huwaita wajukuu waume zao, "ulitumwa kwa batu ya namna gani hii? Walikuweka ndani ya sanduku. Wewe ni sabuni?"

Niliyasikia hayo nikiwa nyuma ya ukuta, nikikohoa.

"Ambia baba ya huyu mutoto," akamwambia bintiye, "kwetu Basoko iko mchanga. Tunachimba shimo kandokando ya mto, tunamukalisha mutoto ndani mpaka kiuno, jua inawaka, mchanga inamushika, anaangalia mitumbwi, shingo inakuwa. Hapa iko saruji. Saruji inakamata mutoto wapi?"

"Mama, masœur alisema tumbo."

"Tumbo, bon. Mulaze tumbo. Mulaze masikio, mulaze namna munapenda. Meli itashuka tena. Siku ile, kama kichwa ya bwana yangu iko vile, mimi nashuka naye. Na wewe unashuka, sababu maziwa ni yako. Akishakomaa, mutarudia."

Sasa, "mtarudi" ya mama mkwe niliielewa vizuri. Fundi cherehani alikuwa na mke aliyekwenda kwao Isangi kutibiwa kikohozi, aje baada ya wiki chache. Kikohozi kile kilikuwa kimeshakuwa mtu mzima, kimeoa. Mwanamke akifika kwa wazazi wake na mtoto mgonjwa, wajomba huanza kukaa vikao, na vikao vya wajomba havina mwisho. Wangeuliza kwa nini mtoto aliharibika. Wangeuliza sanduku lilikuwa la nini. Na bibi yangu, mwenye nafasi yake ya kwanza ya foyer, angekaa katikati yao bila jibu. Wala sikuwa na uhakika kwamba angetaka kurudi. Tangu siku ya kilo alikuwa haongei sana, na ile sabuni ya kunukia aliitoa kabatini akafulia nepi.

Basi tukaanza kumlaza tumbo.

Niwaambie ukweli kuhusu zoezi hili ambalo masœur alilitaja kwa urahisi kama kutaja maji. Unatandika mkeka. Unamlaza mtoto kifudifudi. Mtoto anakutazama kwa jicho moja, jicho la mtu aliyesalitiwa, kisha analia mpaka mbwa wa mtaa wa pili wanatafuta wamiliki wao. Bibi yangu alilala mbele yake akamwimbia. Mtoto alisikia harufu ya maziwa akalia zaidi. Mama yake akamtikisia kopo la kokoto. Alilia kwa mdundo wa kokoto. Mama mkwe, ambaye hata hivyo hakuwa mtu wa kukaa bure, alimkanda shingo kwa mafuta, akamkalisha ndani ya beseni akamzungushia vitambaa kama yai, na hapo alikuwa mpole, lakini kichwa kiliegemea ukingo wa beseni kikapumzika. Kilikuwa kichwa kinachojua kupumzika. Katika familia yetu sijawahi kuona kingine kama hicho.

Jioni moja, jua halijashuka bado, nilitoka kazini. Mama mkwe alikuwa ametoka. Kila jioni alikwenda kusali na ndugu yake mmoja aliyeishi mtaa wa nyuma. Mtoto alikuwa kwenye mkeka uani, akipiga yowe lake la kawaida, na bibi yangu amekaa kando, mikono kichwani.

"Musaidie," akasema. "Mimi nimechoka kuimba."

Nilijilaza mbele ya mtoto vilevile nilivyokuwa, na suruali yangu ya kazi, na tai. Sikuwa na wimbo. Nilikuwa na mtihani. Nikaanza kukariri kwa sauti ya mwalimu wetu, ile ya puani, ya mtu anayetembelea ubongo wako bila kuvua viatu: "La Meuse. L'Escaut. La Sambre. La Lys."

Mtoto alinyamaza.

"L'Ourthe," nikasema.

Kichwa kikatikisika. Kikapanda kidogo, kikateremka, kikapanda tena, na uso wa mwanangu ukatokea juu ya mkeka, mwekundu, umejaa mate, macho yametoka kama anayeona jambo la aibu. Aliniangalia kwa muda wa mito miwili mizima. Kisha akaanguka puani na kulia upya.

Bibi yangu alinishika mguu. "Rudilia!"

"Rudilia nini? Mto gani?"

"Yote! Anza kule mbele!"

Nilirudia. Alipanda tena. Tangu siku hiyo nikateuliwa, bila mshahara, kuwa mwalimu wa shingo. Kila jioni, mama mkwe akishaondoka kwenda kusali, karani wa ghala la mawese alijinyoosha uani kama mamba na kumsomesha Ubelgiji mtoto wa miezi minne. Msiniulize kwa nini mito. Yawezekana ni ile sauti ya puani. Ninachojua ni kwamba bibi yangu alijaribu mwenyewe, akasema "Meuse" na "Escaut" kwa lafudhi nzuri kuliko yangu, na mtoto akamtazama kama mtahini anayemrudisha mtu darasa la chini.

Fundi cherehani alituona juu ya uzio. Mtu mwenye cherehani dirishani huona kila kitu.

"Karani! Umeangusha kifungo?"

"Niko kazini, fundi."

"Kazi ya kulamba mavumbi? Ile shule yako ndiyo ilikufikisha pale?"

"Nafundisha mutoto."

"Anafundisha mutoto, muone! Mutoto iko na miezi ine, anamupatia jiografia! Mwaka ujao atamutafutia kazi ya posta!" Kisha akaita watu wa mtaa. Siku za mwisho nilikuwa na watazamaji wengi kuliko mpira wa Jumapili, na wengine walianza kujua mito kuliko wanafunzi wenzangu.

Shingo ilikua. Niliiona ikikua. Kwanza ilishika kichwa kwa muda wa mito miwili, baadaye mito yote na vijito vyake. Lakini kuna jambo tulilolisahau, kwa furaha. Mama mkwe hakuwahi kuona hata mara moja. Akiwepo uani, mimi siwezi kulala chini. Nisipolala chini, mtoto hainuki. Na kila asubuhi alipomshika mikono kumvuta aketi, mtoto, aliyechoka na masomo ya jana, alikiacha kichwa kikining'inia kidogo, kwa adabu, kama mtu asiyependa kujionyesha.

"Mama, anainua," bibi yangu alimwambia. "Anainua juu sana."

"Nani aliona?"

"Mimi. Na baba yake."

"Baba yake ni karani. Karani anaandika hata kitu yenye haiko."

Meli ilifika kutoka chini kama tulivyokuwa tumeogopa. Ilikuwa iondoke mchana uleule kushuka. Niliomba ruhusa ghalani, nikapanda baiskeli kwa kasi ambayo tangu siku ile haijavunjwa Mangobo. Nilipoingia uani, vifurushi vilikuwa vimefungwa karibu na mlango. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda, amejifunga kikwembe cha safari. Bibi yangu alisimama, mtoto mgongoni, macho yamevimba.

Nilikohoa. Mama mkwe akageuza kigoda, akanipa mgongo, kama desturi inavyotaka.

"Ambia mama," nikamwambia bibi yangu, "kabla ya kuondoka aangalie mutoto mara moja. Moja tu. Hapa, juu ya mukeka."

"Ambia baba ya mutoto," akasema mama mkwe akitazama ukuta, "macho iko. Aonyeshe."

Bibi yangu alitandika mkeka, akamlaza mtoto kifudifudi, akakaa kando. Mama mkwe aligeuza kigoda, akatazama. Mtoto akalia. Nilisimama pale na soksi zangu, nikasema "La Meuse" kutoka juu, kwa heshima. Mtoto hakuangalia juu. Juu kulikuwa mbali. Alilia zaidi. Mama mkwe akashika kifurushi.

Hapo nililala chini. Nililala kifudifudi mbele ya mama mkwe wangu, mchana kweupe, na tai, tumbo kwenye vumbi. Nasema kwa dhati kwamba kuna watu waliokufa kwa aibu ndogo kuliko ile.

"Yee!" Mama mkwe alipiga kelele, akaruka kutoka kwenye kigoda, akajigeuza, akajifunika kichwa kizima kwa kikwembe. "Yee, mama! Bokilo iko chini! Mukwe amelala mbele yangu! Batu, munifunike macho, nitapofuka!"

"La Meuse!" nikapaza sauti. "L'Escaut!"

Na mwanangu akainua kichwa. Hakukiinua, alikirusha. Kilisimama juu ya mabega yake imara, kisogo bapa na vyote, akanitazama na akacheka. Bibi yangu akapiga vigelegele. Nje ya uzio watu wakashangilia. Aliyekuwa haoni chochote duniani alikuwa mmoja tu, aliyefunikwa kikwembe, ambaye kwa ajili yake mambo yote hayo yalifanywa.

"Mama, angalia! Angalia sasa!"

"Siangalii! Asimame kwanza!"

"Akisimama mutoto anaanguka!"

"Basi aanguke! Mimi siangalii mukwe iko chini kama nyoka!"

"Mama!" fundi cherehani aliita kutoka dirishani. "Mimi niko shahidi! Kichwa iko juu! Juu kama ya twiga!"

"Mimi siamini macho ya mutu ya cherehani," ikasema sauti ndani ya kikwembe. "Anaangalia tundu ya sindano siku yote, atajua nini?"

Hii ndiyo faida ya elimu na desturi zikikaa nyumba moja. Mtoto amepona mbele ya mtaa mzima, na anaondoka na meli kwa sababu nyanya yake ana adabu.

Aliyetukwamua ni bibi yangu. Sikumwona akifikiri, nilikuwa nimelala. Alifungua kifurushi kimoja, akatoa kikwembe kikubwa, akakitupa juu ya kamba ya kuanikia nguo iliyopita juu ya mkeka, akakivuta mpaka kikagusa chini. Mimi nikabaki upande huu. Mtoto na mkeka wake wakabaki upande ule.

"Mama," akasema, "mukwe wako hayuko tena. Geuka."

Kisha nikasikia kigoda kikiburutwa.

"Anza," bibi yangu akaniambia kupitia kitambaa.

Nilianza. Sikuona kitu, mbele ya macho yangu palikuwa na maua makubwa ya njano ya kikwembe. Nilisoma Meuse na Escaut kwa maua yale. Nilisoma Sambre. Mtoto hakulia. Nilifika Lys. Nilifika Ourthe. Nikasimama.

"Ambia ile kikwembe iendelee," akasema mama mkwe.

Kikwembe kiliendelea. Kilitoa vijito vyote vya mtihani, kikatoa vijito ambavyo Ubelgiji haijawahi kuvipata. Vilipokwisha, na nilikuwa natoka jasho, nikaanza kutaja ya kwetu, kwa sauti ileile ya puani: Tshopo, Lindi, Lomami, Aruwimi. Bibi yangu alinieleza baadaye kwamba niliposema Aruwimi, mto wa nyumbani kwao, aliyeinua kichwa alikuwa mama mkwe. Cha mtoto kilikuwa juu tangu mwanzo. Alikuwa amekiegemeza hewani, akitafuta maua yale yanayoongea Kifaransa, na kilikuwa hakitikisiki.

Mama mkwe alikaa akimtazama muda mrefu. Alimwendea, akampapasa shingo kwa vidole viwili, mbele, nyuma, pembeni, kama anayetafuta mwiba ndani ya samaki.

"Shingo iko," akasema.

Tulingoja.

"Ni mafuta yangu," akaongeza.

"Ndiyo, mama," tukasema, pande zote mbili za kikwembe.

"Na beseni."

"Ndiyo, mama."

"Na hii kelele ya bokilo kidogo." Akasimama. "Ambia baba ya mutoto, amelala chini mbele yangu. Sitanyamaza. Kuku moja, jike, mwenye kutaga. Ninaenda naye leo."

Kuku aliyekuwa karibu alikuwa wa fundi cherehani, na kwa mara ya kwanza uzio ule ulitoa kitu zaidi ya dhihaka. Nilimpandisha mama mkwe na kuku wake kwenye gari la mizigo la rafiki mmoja hadi gatini, mimi nimekaa nyuma na magunia, nikitazama upande mwingine. Melini aliwaambia abiria, bila kupunguza sauti, kwamba mjini siku hizi wakwe wanalala chini na vitambaa vinasomea watoto. Meli ikashuka naye.

Niliporudi nyumbani bibi yangu alikuwa anafungua vifurushi. Nilikaa kizingitini nikamtazama. Nepi, nguo za mtoto, chupa: hayo niliyategemea. Kisha akatoa kinu kidogo cha pilipili. Akatoa kioo chetu. Akatoa picha ya harusi. Mwisho kabisa, chini ya kila kitu, akatoa pasi ya makaa, ile nzito ya chuma, ambayo hakuna mtu anayeibeba kwenda kusalimia.

Aliona kwamba nimeiona.

Alikwenda jikoni, akarudi na makaa, akayatia ndani ya pasi, akaipepea mpaka ikashika moto. Mtoto alikuwa kwenye mkeka, kifudifudi, kichwa juu, akitufuata kwa macho.

"Vua ile suruali," bibi yangu akasema. "Kesho utaenda kazini na mavumbi ya magoti?"

Nikaivua.